Mtumbwi Uliotutangulia kwa Nasinyari

Sisi tuliokua wakati boma la Arusha lilikuwa bado linanuka chokaa mbichi hatukuhitaji mwalimu wa shida. Shida tulifundishwa bure, kila siku isipokuwa Jumapili. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokanyaga umande wa Meru pekupeku, mnaoijua ladha ya ndizi iliyochomwa ikaungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Vijana wa leo wasijisumbue kusoma. Na nikisema vijana wa leo nina maana ya wale waliozaliwa miaka michache tu baada yangu, maana mimi mwenyewe sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini vita vilipita katikati yetu na wao, nao wakatokea ng'ambo wamevaa kaptula, wanapiga mluzi, na wanaamini kwamba maji huzaliwa ndani ya ndoo.

Niseme na hili mapema: shule sikusoma. Nilisomea dirishani, kwa wamisionari, nikiwa nimesimama juu ya jiwe. Mwalimu aliponiona akanifukuza, nikahamia dirisha la pili. Ndiyo maana herufi nyingine ninaziandika zikiwa zimeinama kidogo, kama vile nilivyoziona. Jambo hilo linanikosesha usingizi. Ukurasa huu nimeuandika upya mara kadhaa kwa sababu mstari mmoja ulipanda mlima. Tangu utoto siwezi kula kabla bakuli halijakaa sawa, siwezi kulala kabla kuni hazijapangwa. Mama alikuwa akisema, "Wewe hata kifo kikija utakiambia kisubiri kwanza ufagie uwanja."

Kwetu palikuwa juu, kwenye migomba minene, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye paa na kuku hutembea wakigongana. Chini ya nyumba ulipita mfereji wetu, maji yaliyotolewa mto Tengeru na mababu, yakapitishwa ubavuni mwa mlima hadi kwenye kila shamba kwa zamu. Mfereji ule ndio uliokuwa shule yetu, kiwanja chetu na bahari yetu. Tulichuna magamba ya migomba tukatengeneza vyombo, tukavipakia siafu kama abiria, tukavikimbiza toka kwetu hadi kwa jirani. Siafu wengi waliangamia kwa ajili ya elimu yangu. Tukichoka, tulikalia magamba yale yale tukateleza nayo mteremkoni hadi matako yakawaka moto, kisha tukarudi nyumbani kwa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando yaliyokaa kibuyuni hadi yakapata hasira. Leo mtoto akipewa mgando anauliza kama umeharibika.

Siku zile kulikuwa na mzungu mpima ardhi tuliyemwita Bwana Kamba, kwa kuwa hakupiga hatua bila watu wawili kuvuta kamba mbele yake. Nilimpenda sana. Lazima niseme ukweli, ingawa alilipima shamba la babu yangu kwa uangalifu wa ajabu, na kipimo kilipokamilika ikaonekana shamba si la babu. Nilichokipenda ni kambi zake. Asubuhi alinyoosha kidole: leo tutalala pale. Na jioni, pale pale, hema lilikuwa limesimama, kiti kimewekwa, chai inatoa moshi, mbwa amejilaza kana kwamba amezaliwa hapo. Mtu aliyejua asubuhi atakapokuwa jioni! Kwetu hakuna aliyejua hata kama atafika shambani, maana njiani kulikuwa na watu wa kusalimiana nao. Nikaapa kwamba siku moja na mimi nitapanga safari ya namna ile. Binamu yangu Sambeke, mtoto wa baba mdogo, kijana mnene, mpole, mwenye njaa isiyopona, akanipa jina: Bwana Kamba Mdogo. Alidhani ananitukana.

Nafasi ikaja kwa njia ya dada yangu.

Nasinyari alikuwa ameolewa chini kabisa, karibu na mahali mto wetu unapoingia mto Kikuletwa, kwenye joto na mbu na watu wanaokula samaki bila aibu. Kwa desturi yetu, bibi harusi akishamaliza mavuno ya kwanza ukweni huwapikia pombe wazee wa huko, na huipika katika mtumbwi uliotoka kwao. Mtumbwi huo si wa kusafiria. Ni gogo la mringaringa lililochongwa tumbo, refu kumshinda mtu, la kuchachushia pombe ya ndizi na ulezi. Tuliuita mtumbwi ingawa haukuwahi kuona ziwa, kama vile tulivyomwita bwana wa boma baba yetu. Mwanamke ambaye mtumbwi wake haujafika huonekana ametoka kwenye nyumba isiyo na watu. Atavumiliwa, lakini kila akikosea kukoroga uji ataambiwa, "Haya, ndivyo wanavyofanya kwao, wale wasio na mtumbwi."

Babu alikuwa ameuchonga, kazi nzuri, kingo zake laini kama mdomo wa kibuyu. Pombe ilitakiwa kunywewa mwezi ukijaa. Kilichobaki kilikuwa wanaume wa kuubeba. Na hapo ndipo boma, ambalo siku zote lilitufikiria, likatukumbuka. Lilikuwa linajenga barabara ya kutuletea ustaarabu, na kwa kuwa ustaarabu hauwezi kutembea wenyewe, baba zetu wote wenye mabega waliitwa kuubebea mawe. Akaja askari na kiboko chake kwapani, akawachukua baba, baba mdogo na kila mtu aliyeweza kuinua kitu kizito kuliko lawama. Nyumbani tukabaki wanawake, watoto, babu na mtumbwi.

"Ataazima," jirani mmoja akasema.

Mama akamgeukia. "Mwanangu apike pombe ya wakwe kwenye mtumbwi wa kuazima? Si afadhali awapikie kwenye kiatu cha askari?"

Nikasimama. Nikasema, "Mto unakwenda kule kule. Mtumbwi na uende kwa mto. Mimi nitapanga."

Babu alinitazama kwa muda mrefu, kama anayetazama ndama mwenye vichwa viwili: inatisha, lakini huwezi kuacha kutazama. Akasema tuanzie kwenye bwawa la chini, ambapo mlima unakwisha na mto unatulia. Na tusikae ndani kabla hajaona unavyoelea.

Basi nikapanga. Wenzangu, hamjawahi kuona mpango kama ule. Nilifagia uwanja. Nikalaza kamba ya mgomba iwe mto, pamoja na kona zake zote. Nikaweka maharage mekundu mahali pa kulala na meupe mahali pa kupumzika. Umbali niliupima kwa njia ya kwetu, ambayo haidanganyi: kutoka bwawani hadi kambi ya kwanza, mwendo wa kupika ndizi. Toka hapo hadi ya pili, mwendo wa kupika maharage. Ya tatu, mwendo wa kupika maharage ya mwaka jana. Na kambi zenyewe sikuziweka ovyo porini kama Bwana Kamba, ambaye hana ndugu. Niliziweka kwa mashangazi. Baba alikuwa na dada watatu, wote wameolewa kando ya mto ule, mkubwa juu, wa kati katikati, mdogo chini. Mungu alikuwa amenipangia kambi kabla sijazaliwa.

Sambeke alichuchumaa akautazama mpango. "Na hapa kati ya shangazi mkubwa na wa kati, tunakula wapi?"

"Hatuli. Ni mwendo wa maharage tu."

"Maharage, halafu hatuli?"

Wakati tunabishana, jogoo akapita juu ya mpango.

"Amemla shangazi wa kati," Sambeke akasema kwa huzuni ya kweli.

Nikapanga upya. Nilipanga upya kila asubuhi, maana kila usiku niliona kosa. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa maji yenyewe. Mto wetu ulikuwa mkubwa kwa sifa, lakini mifereji iliunyonya kama ndama kumi kwenye ng'ombe mmoja, na huko chini mara nyingi ulibaki mawe yanayotokwa na jasho. Mtumbwi ungekaa kitako. Nilikonda. Halafu mzee wa mfereji akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kazi ya kusafisha mifereji. Siku hiyo mabanio yote ya juu, yale yanayoingiza maji mferejini, hufungwa, wanawake na watoto huingia mferejini na majembe, na maji yote hurudi mtoni. Nikalia kwa furaha. Mpango ulikuwa umekamilika. Hakuna jambo ambalo sikulifikiria.

"Umeupima mto?" babu akaniuliza jioni ile.

"Nimeupima, babu."

"Na wenyewe umekubali?"

Nikadhani ni utani wa wazee.

Alfajiri tuliuteremsha mtumbwi juu ya vipande vya migomba vilivyochunwa, vinavyoteleza kuliko sabuni, wanawake wakivuta kamba nyuma ili usikimbie, na mama akiimba na kutukana kwa pumzi moja. Walipoufikisha bwawani wakaharakisha kwenda mferejini, maana asiyefika kazini hutozwa faini ya mbuzi. Babu alibaki nasi. Tukauingiza majini. Uliyumba, ukafikiri, ukaelea. Babu akasema "Hm," nasi tukajua tumebarikiwa. Akakaa kwenye jiwe atafune tumbaku yake akitusubiri tuwe tayari.

Tukapakia: kibuyu cha mgando, ndizi, na shuka langu la merikani, ambalo Nasinyari alilitia kiraka kwa mkono wake kabla hajaolewa, kiraka cheusi chenye umbo la jani. Sambeke akaingia. Mtumbwi ukalala upande wa kushoto. Kidogo tu. Upana wa kidole.

"Shuka," nikamwambia.

"Nishuke tena?"

"Umeegemea kushoto."

"Ndivyo nilivyoumbwa!"

"Shuka nipange mzigo upya."

Akashuka, akinung'unika kwamba mzungu mwenye kamba angalau hulipa mshahara. Nikahamisha ndizi kulia. Nikahamisha kibuyu katikati. Nikatazama fundo la kamba kwenye mzizi, nikaona ni baya, limekaa kama sikio la sungura. Nikalifungua ili nilifunge vizuri.

Ndipo tukausikia mto. Ulikuja kama watu wengi wanaokanyaga majani makavu. Mabanio yote yalikuwa yamefungwa kwa wakati mmoja, kama nilivyopanga, na maji ya mifereji yote yakarudi mtoni kwa wakati mmoja, jambo ambalo pia nilikuwa nimelipanga bila kujua. Yalikuja ya kahawia, na matope, na magamba ya migomba, na chura mmoja aliyeduwaa. Babu akanidaka mkono akanivuta juu ya jiwe lake. Kamba ikanitoka kiganjani. Mtumbwi uligeuka mara moja, taratibu, kama mgeni anayeaga, kisha ukaenda zake, ukiwa umekaa sawa kabisa. Haukuegemea kushoto wala kulia.

Tulisimama tukiutazama hadi ulipopotea kwenye kona.

"Bwana Kamba Mdogo," Sambeke akasema, "leo utalala wapi?"

Babu akatema tumbaku. Akasema tuufuate kwa miguu. Yeye magoti hayamruhusu. Ukikwama mahali, tuite watu wautoe. Usipokwama, tumfikie Nasinyari tumwambie wenyewe kwamba umepotea, maana habari mbaya huletwa na ndugu.

Tukashuka na njia ya mto. Tulipofika kwa shangazi mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mtumbwi wa baba umepita hapa. Haukusalimu."

Tukainamisha vichwa.

"Nikasema, watoto wenyewe wako nyuma. Hakuna mtoto wa kaka yangu atakayenipita bila kula. Ingieni."

Tukamwambia tuna haraka. Akatuuliza haraka ni ndugu yake nani, maana hamjui. Tukaingia. Kwetu, mtoto akipita nyumba ya shangazi bila kula amemwambia shangazi kwamba kwake hakuna chakula, na neno hilo hukaa kwenye ukoo mzima miaka mingi kuliko deni la damu. Tulikula ndizi kwa nyama, tukala magimbi, tukala kile kilichobaki. Akasema jua limekwisha, laleni. Asubuhi akasema hamwezi kuondoka na umande, mtaugua. Umande ulipokauka akasema sasa jua kali, subirini chakula.

Na hapa niseme kitu ambacho Sambeke mpaka leo anakikataa. Tulikubali upesi. Mbele yetu kulikuwa na uso wa Nasinyari nitakapomwambia kwamba mtumbwi aliouchonga babu umekwenda kwa sababu kaka yake hakulipenda fundo. Kila bakuli la shangazi lilikuwa sababu nyingine ya kutofika. Sijawahi kula kwa woga namna ile, na sijawahi kushiba namna ile.

Shangazi wa kati hakuwa ameuona mtumbwi, ndipo tukajua kwa hakika umezama. Alitupa loshoro na kazi ya kumsaidia ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa, na ng'ombe yule, sijui nani alimfundisha, hakuwa na haraka yoyote. Shangazi mdogo alilia kwa furaha alipotuona, akachinja jogoo, kisha akasema jogoo mmoja ni dharau kwa vijana wawili, na wa pili yuko porini, subirini arudi. Mwezi ulikuwa unanenepa kila jioni juu ya migunga. Nilikuwa nikiutazama, nikihesabu na kusema, kesho. Kambi zangu zote tulilala, kama nilivyopanga, maharage mekundu yote. Bwana Kamba mwenyewe asingepata kosa, isipokuwa kwamba chombo hakikuwepo.

Tulipofika bondeni mwezi ulikuwa umejaa na kupita. Kule mto unapanuka, una mafunjo pande zote mbili. Kwenye ukingo walikuwa wamekaa wanawake wawili chini, bila kazi, bila mzigo, kitu ambacho sijawahi kukiona kwa wanawake wa kwetu mchana. Mmoja alikuwa mama mkwe wa Nasinyari, mwanamke ambaye tuliambiwa hacheki. Mwingine alikuwa amenyoa kichwa, amejifunika shuka la merikani lenye kiraka cheusi cha umbo la jani.

Kando yao, juu ya majani, mtumbwi wa babu ulikuwa umefudikizwa, tumbo chini, kama kaburi.

Sambeke akapiga mbweu. Sikumbuki sauti nyingine mahali pale.

Nasinyari aliinua kichwa. Akatutazama mimi, akamtazama Sambeke, akatazama mto nyuma yetu. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mlikuwa wapi?"

Sambeke ndiye aliyejibu, kwa heshima yote.

"Kwa shangazi."

"Shangazi gani?"

"Wote."

Mama mkwe, yule asiyecheka, akaanguka ubavu. Alicheka hadi akashika nyasi. Nasinyari alisimama, akavunja fimbo kwenye kichaka, akatuchapa miguuni mimi na Sambeke kwa zamu na kwa haki, kisha akaitupa fimbo akatukumbatia kwa nguvu hadi jogoo wa shangazi mdogo akataka kurudi duniani.

Hadithi tuliipata jioni. Mtumbwi ulifika siku ile ile tuliyoupoteza, kabla jua halijazama, ukaingia kwenye mafunjo mahali Nasinyari alipokuwa akiteka maji. Alishangilia. Halafu akaona shuka langu limejinyonga kwenye ufa wa ukingo, na ndani hamna mtu. Alijua nisingeuachia mzigo usafiri bila mimi. Akapiga yowe. Wanaume wa kule walitafuta kwenye mafunjo hadi giza, na kesho yake tena. Mtu alitumwa kupandisha habari nyumbani kwa njia ya juu, wakati sisi tupo njia ya mto, tunamsubiri jogoo. Mumewe akamsihi apike hata hivyo, wazee wameshaalikwa, na mtumbwi si huu hapa. Akasema mtumbwi uliowazika ndugu zake hautiwi pombe, na kama kwa hilo ataitwa mtoto wa nyumba isiyo na watu, basi ni kweli, watu wameisha. Akaugeuza kifudifudi. Akakaa mtoni. Mama mkwe, badala ya kumtukana, akaja akakaa naye, siku baada ya siku, na alipoulizwa pombe ya wazee iko wapi alijibu kwamba wazee wana midomo, wanywe maji.

Usiku ule mama mkwe aliugeuza mtumbwi kwa mikono yake. "Sasa umefika," akasema. Pombe ikapikwa. Wazee walilalamika kwamba mwezi umeshaanza kuliwa, pombe ya namna hii haijawahi kunywewa kwenye mwezi uliopungua, ni mkosi, ni dharau. Wakanywa hadi mwezi ukaisha. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema neno juu ya uji wa Nasinyari.

Sisi tuliporudi nyumbani tulikuta tumekwisha fariki. Mama alikuwa amenyoa. Boma, kwa huruma yake isiyopimika, lilikuwa limempa baba ruhusa ya nusu siku aje kunililia, na nilipotokea mzima alipewa siku za ziada barabarani kwa kumwomboleza mtu aliye hai. Babu peke yake hakulia. Alisema alijua. "Mtoto anayerudi kurekebisha fundo hafi kwa haraka," akasema. "Wengine ndio hufa wakimsubiri."

Siku hizi boma lile lina bendera nyingine, na kiboko kimehamia mkono mwingine. Bwana Kamba alikwenda zake na vita, ardhi akaiacha, maana ilishapimwa. Mabanio yapo, ila ya chini ni ya mlowezi, ana lango la chuma na kufuli, na siku ya kusafisha mfereji vijana wanamtuma mdogo wao, naye mdogo anamtuma mbuzi wa faini. Na barabara ile ile waliyoibebea mawe baba zetu ina tawi linaloshuka bondeni. Lori la mashamba hupita hapo. Vijana hupanda nyuma, wanapiga mluzi, na kwa muda wa kupika chai wanawapita mashangazi zao wote, mkubwa, wa kati na mdogo, vumbi likiwasalimia kwa niaba yao.

Nisijitoe. Juzi juzi na mimi nililipanda. Nilikuwa nimepanga safari ya kwenda kumwona Nasinyari, na kwa mara ya kwanza maishani mpango wangu ulikwenda sawasawa: niliondoka nilipotaka, nikafika nilipotaka, hata bakuli la zawadi halikuinama. Mtumbwi bado uko uani kwake, umepasuka mdomo mmoja, kuku wanataga humo. Alinitazama nikijipangusa vumbi. Hakupiga yowe. Kwa nini apige? Nilikuwa nimewahi.

"Umepita kwa nani?" akauliza.

"Sikupita kwa mtu. Nimekuja moja kwa moja."

Akaendelea kupepeta ulezi. "Basi hujafika," akasema. "Rudi ukamsalimie shangazi, ndipo uje."

Nikarudi kwa miguu. Wawili wameshakufa, amebaki shangazi mdogo. Nilimkuta mlangoni, macho yake yamefunga ukungu, anaangalia upande wa barabara ambayo haioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia lori linashuka asubuhi, nikajua ni wewe uliyemo."

"Ulijuaje?"

"Halikusimama, kama ule mtumbwi wako," akasema, akaanza kuita jogoo.